Idi Tanga mjini, kila penye kufuli pamefungwa na wageni wana siku moja tu: kisa chetu kilivyokwenda

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa Mbozi kule Songwe. Ramadhani ikiwa katikati alinipigia simu akasema shem, nimepata likizo fupi, tunakuja Tanga, mimi na dada yako na watoto wote wawili na mama yangu nakuja naye. Nilifurahi mpaka nikakosa neno maana dada alikuwa hajakanyaga nyumbani miaka sita. Halafu akamalizia, tunalala Dar Jumatatu, tunaingia Tanga Jumanne mchana, Alhamisi asubuhi tunageuza, tiketi za kurudi nimeshakata, kwa hiyo Jumatano yote tunakuachia wewe utuzungushe. Nikageuka kuangalia kalenda ya ukutani. Jumanne ilikuwa Ramadhani 29. Mwezi ukiandama jioni ile, Jumatano ndiyo Idi.

Ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo, hapa ulikuwa umekaa mahali pake kabisa, tena kwa siku ambayo ofisi zimefungwa, maduka yamefungwa, mama lishe hayupo, na hata kinyozi hayupo.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila mwaka naona watu wanaingia mjini kwetu siku ya sikukuu, wanagonga mlango wa kwanza umefungwa, wa pili umefungwa, wanarudi gesti kulala, kesho yake wanaondoka wakisema Tanga hakuna kitu. Inaniuma kweli. Vitu vipo, ila siku ya Idi vina mpangilio wake na usipoujua utazunguka na bajaji mpaka hela iishe.

Orodha aliyonitumia shemeji kwa WhatsApp ilikuwa hivi: mapango ya Amboni, makumbusho, magofu ya Tongoni, kaburi la Shaaban Robert, kisiwa cha Toten, majengo ya Mjerumani, halafu mwisho kabisa akaandika "Raskazone kama muda utabaki", yaani ufukweni. Binti yao wa miaka 11 anataka mapango. Mdogo wake wa miaka 7 anataka bembea, ameambiwa Idi kuna bembea. Nikamuuliza, na mama anataka nini? Akasema ah, mama hana neno, yeye amesema anataka kuiona bahari tu, hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Nikasoma ile orodha mara mbili. Mtu mwenye miaka sabini na kitu anasafiri kutoka Mbozi mpaka Tanga, siku mbili kwenye basi, goti moja bovu, ana ombi moja, na ombi lenyewe limewekwa mwisho kwenye "kama muda utabaki". Hapo ndipo nilipoamua kuipindua orodha. Bahari ndiyo inakaa katikati halafu vingine vyote vinapangwa kuizunguka. Na kwa bahati, siku ya Idi el Fitri bahari ndiyo kitu pekee unachoweza kukipangia saa kwa uhakika, nitaeleza.

Kwanza hii habari ya kufungwa. Watu wanasema "siku ya Idi kumefungwa" kana kwamba ni kitu kimoja, mimi naona yamechanganywa mambo matatu. Kuna mahali penye kufuli na mwenye ufunguo wake, mwenye ufunguo asipokuwepo hapana ujanja, mfano makumbusho au mapango ambayo hata geti lingekuwa wazi huwezi kuingia bila mtu wa kukuongoza na tochi. Kuna mahali ambapo hapana kufuli ila pana mtu unayemtegemea, mwenye boti, dereva, mama wa chakula, huyu hajafunga ila ana familia yake na yeye anasherehekea, ukimwomba mapema anaweza kukukubalia saa fulani. Halafu kuna vitu ambavyo havina mlango wala mwenyewe, mitaa, majengo ukiyatazama kwa nje, ufukwe, makaburi. Hivi havifungwi, na siku ya Idi vingine vinakuwa bora kuliko siku za kawaida. Sasa ratiba ya shemeji ilikuwa imechanganya aina zote tatu kwa kufuata kipi kina jina kubwa, ndiyo maana isingefika popote.

Mapango ni ya kufuli. Kwa hiyo nikamwambia mapango yanakwenda Jumanne mchana mkishuka tu kwenye basi, hakuna kwenda nyumbani kupumzika. Akaguna, wamechoka, mama amechoka. Nikamwambia shem, Jumanne bado ni siku ya kazi, Jumatano sikuhakikishii mtu. Akakubali. Nikapiga simu mapema kuuliza, nikaambiwa njooni lakini msichelewe maana watu wamefunga.

Hilo la watu wamefunga nataka nikae nalo kidogo. Mtu wa kukuongoza mapangoni amefunga, hajanywa maji tangu alfajiri, anaingia na wewe kwenye joto lile na harufu ya popo anaongea saa nzima. Ukimfikia saa kumi na moja jioni unamchelewesha futari yake, tena siku ya 29 ambayo kila mtu anataka awe nje anaangalia mwezi. Mgeni asiyefunga halitambui hili kwa sababu hajiulizi. Sisi tulifika saa tisa kasoro, tukapokelewa vizuri, saa kumi na robo tumeshatoka. Dada alibaki juu kivulini na mama kwa sababu ya goti, mle ndani kuna sehemu unainama mpaka karibu utambae. Amboni ni kilomita kama 8 tu kutoka mjini, njia ya kwenda Horohoro, ni mawe ya chokaa ya zamani kweli, wanasema miaka milioni 150 hivi, enzi ambazo pale pote palikuwa chini ya bahari. Kuna ile hadithi kwamba njia ya mle ndani inatokea Mombasa, binti wa shemeji aliishika hiyo akawa anaulizia kila kona ndiyo hii ya Mombasa? Ila waliopima mwaka 1994 waliona ni mapango kumi mbalimbali na refu kuliko yote halifiki hata kilomita 1. Nilimwambia tulipotoka nje, akakasirika kidogo, akasema afadhali usingeniambia.

Sasa mwezi. Hapa ndipo mgeni wa bara anapopotea kabisa, kwa sababu Krismasi unaijua tarehe yake mwaka mzima, Idi huijui mpaka jioni ya siku inayotangulia. Mwezi ukionekana, Mufti anatangaza usiku, kesho Idi. Usipoonekana, mnakamilisha 30, Idi inasogea. Na kuna wanaofuata mwandamo wa kimataifa, hao mwaka ule walikuwa wameshaswali Jumanne yenyewe, kwa hiyo Jumanne tulipopita Ngamiani baadhi ya maduka yalikuwa yameshafungwa na watoto wengine wameshavaa nguo mpya wakati wengine bado wamefunga. Mji mmoja una siku mbili ndani yake. Kwa hiyo nilipanga ratiba mbili kwenye karatasi moja, mwezi ukiandama tunafanya hivi, usipoandama Jumatano ni siku ya kazi na makumbusho yanarudi asubuhi. Nawaomba sana wanaopokea wageni, msipange ratiba moja ya Idi, pangeni mbili, haigharimu kitu.

Mwezi uliandama. Tukasikia kwenye redio saa tatu kasoro usiku, mtaani vigelegele, watoto wakatoka na makopo wanapiga.

Na huo mwezi ndio ulionipa saa za bahari. Hili kila mvuvi wa Deep Sea, soko letu la samaki, analijua ila sijawahi kumwona mtu analipangia matembezi ya wageni. Idi el Fitri siku zote inaangukia mwezi mosi, yaani mwezi mchanga, na mwezi mchanga ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Haiwezi kuwa vinginevyo, Idi yoyote ya mfungo mosi utakayoikuta pwani hii utaikuta na bamvua. Na bamvua ya huku kwetu ina saa zake, asubuhi kwenye saa nne na nusu kuelekea saa tano maji yamekupwa kabisa, yanakwenda mbali huko, tofauti kati ya kupwa na kujaa inafika kama mita nne siku kubwa. Halafu yanarudi, saa kumi na nusu saa kumi na moja jioni yamejaa mpaka juu. Kwa hiyo ukimpeleka mgeni pwani saa nne asubuhi siku ya Idi eti kabla jua halijawa kali, unampeleka kuangalia tope na majani ya bahari. Ukimpeleka saa kumi jioni anakutana na bahari yenyewe imesimama ukingoni. Siku ni ileile na ufukwe ni uleule, saa tu ndiyo imebadilika.

Hapohapo kisiwa cha Toten kikajifuta chenyewe. Kinaonekana palepale bandarini, kina magofu ya msikiti na makaburi ya watu waliowahi kuishi pale, na hilo jina Toten ni la Kijerumani lenye maana ya wafu. Asubuhi maji yako chini, boti haisogei vizuri, utashuka kwenye tope na mikoko, mama na goti lake haiwezekani. Jioni maji yapo ila jamaa niliyemjua wa boti akaniambia kaka, saa hizo mimi nipo na wanangu Raskazone, siendi popote. Sikumbembeleza. Mtu mwaka mzima yuko majini, siku moja hiyo amwachie nani? Tukakubaliana Toten tutakiangalia kwa mbali.

Jumatano yenyewe. Mimi nimeamkia swala, wageni nimewaacha na chai, visheti, tambi za kukaanga na vitumbua, mama yangu alikesha jikoni. Kosa la kwanza lilikuwa gari. Tulikodi Noah ya jirani, mafuta juu yetu, tukailaza mbele ya nyumba, na nyumba yetu iko karibu na msikiti. Saa mbili na nusu swala imekwisha, mtaa mzima umejaa watu wanapeana mikono, mikeka bado imetandikwa barabarani, gari haitoki. Wala sitaki kulalamika maana kile ndicho kitu kizuri kuliko vyote siku hiyo, shemeji alikuwa anapewa mkono na watu asiowajua hata kidogo, Idi mubaraka, Idi mubaraka, na wale wazee wa barazani wakimwuliza wewe ndiye uliyetuchukulia binti yetu mpaka huko kwenye baridi? Akacheka mpaka basi. Ila tulitoka saa tatu na dakika arobaini. Nikipanga tena gari litalala barabara ya tatu kutoka pale.

Kosa lingine nilikuwa nimeshaliepuka Jumatatu, pesa. Mashine za benki siku mbili za sikukuu zinakauka na mawakala wengi wamefunga, nilitoa ya kutosha mapema nikabadilisha na chenji ndogondogo, kwa sababu siku ya Idi kila mtoto utakayekutana naye ana haki ya kukuomba mkono wa Idi na kumpa noti kubwa huwezi. Mama wa shemeji alipojua hilo akaniomba nimpe zile sarafu na noti za mia tano yeye ndiye agawe. Alikaa kiti cha mbele na kipochi mapajani, kila tukisimama anagawa.

Tukashika njia ya Pangani. Hii nusu ya kusini niliiweka asubuhi kwa makusudi, kwa sababu ni makaburi. Watu wetu wakishaswali Idi wanakwenda kuzuru makaburi, kwa hiyo siku ambayo kila kitu kimefungwa, makaburini ndiko kunakuwa na watu. Tukaanza Machui alikozikwa Shaaban Robert. Alizaliwa 1909 huku huku Tanga, akafariki 1962, mwezi wa sita, nchi ikiwa na uhuru wa miezi sita. Shemeji ni mwalimu wa Kiswahili, miaka kumi na nane anafundisha mashairi yake kule Mbozi kwa watoto ambao wengi Kiswahili wanakisoma kama lugha ya pili. Alisimama pale hakusema kitu. Sisi tukasoma fatiha, yeye akainamisha kichwa kwa dini yake, mama yake akauliza kwa sauti ya chini huyu alikuwa ndugu yenu? Dada akamjibu, alikuwa mwalimu wa mwanao, mama. Akaitikia, "Aaa. Basi tumshukuru." Hapo tulikaa dakika ishirini, na mahali pale kwenye orodha ya kwanza palipangiwa dakika tano za kupiga picha.

Tongoni iko mbele zaidi, kama kilomita 17 kutoka mjini. Mlinzi nilishaongea naye siku mbili kabla, akaniambia nitaswali, nitakula na wanangu, saa tano utanikuta. Tulimkuta. Tulimbebea mfuko wa tambi na visheti, tukalipa kiingilio kama siku nyingine yoyote, hilo naomba lieleweke, usimtoe mtu kwenye Idi yake halafu uanze kubishana kiingilio.

Tongo ni mahame, mahali palipohamwa, na jina limekaa. Kuna gofu la msikiti na makaburi kama arobaini, ya zama za karne ya 14 na 15, mengine yalikuwa na nguzo ndefu juu, nyingi zimeshaanguka. Binti alikuwa anazunguka kwenye nguzo moja akaona vile vishimo vya mviringo vilivyochongwa kwenye chokaa, safi kabisa kama vimekatwa na kikombe. Akaingiza ngumi yake kwenye kimoja, ikaenea. Akauliza hiki kilikuwa cha nini? Mlinzi akamwambia hapo palipachikwa bakuli la kauri lililotoka ng'ambo, Uchina huko, lilikuwa linang'aa mpaka unaliona ukiwa mbali. Yakang'olewa, yakabaki matundu. Yule mtoto akaenda kwenye kila kaburi anapima ngumi yake, moja moja, na mdogo wake nyuma anahesabu, wakasahau kwamba ni jua la saa tano na nusu.

Na hapa yale maji yaliyokupwa ambayo Raskazone yangetuharibia, Tongoni yakatusaidia. Ukisogea upande wa bahari saa ile unaona mafungu ya mchanga na tope yamejitokeza mbali huko, mikoko imesimama na mizizi yote nje. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita huku, na mojawapo ya merikebu zake, São Rafael, ikakwama kwenye mafungu ya pwani hii, wakasubiri maji yajae ndipo ikajinasua, na mwaka uliofuata akirudi kutoka Uhindi mabaharia wamekufa wengi hana watu wa kuiendesha akaichoma moto huku huku. Nimeshaisoma habari hiyo mara nyingi ila siku ile nikiwaeleza huku tunayaangalia yale mafungu kwa macho ndipo nilipoielewa vizuri, kwamba mtu asiyejua saa za maji akiingia huku anakaa juu ya mchanga kama kitanda.

Mama alikuwa amekaa kwenye kivuli. Akatazama kule nje akauliza, "Sasa bahari yenyewe iko wapi?" Shemeji akaanza kumwambia ndiyo ile kule mama, ile bluu kwa mbali. Nikamkatiza, samahani sana shem, nikasema mama, bado, jioni nitakuonyesha. Nilikuwa na wasiwasi asije akaichukua ile michirizi ya mbali kuwa ndiyo bahari yake.

Tukarudi kula. Siku ya Idi usihangaike kutafuta hoteli, chakula kiko majumbani, na mgeni wa mtu hakosi sinia. Pilau, kachumbari, kuku, ndizi mbivu, kwetu na kwa jirani na kwa shangazi, na kosa langu kubwa la siku liko hapa. Nilipanga saa moja na nusu ya kula. Haiwezekani. Huwezi kula kwa shangazi ukaruka kwa mama mdogo anayesikia sufuria kwa ukuta. Ilitula saa mbili na nusu. Na katika kufidia muda nikafanya kosa jingine, nikakubali twende sehemu moja ya kulipia pale mjini ambayo ramani ya kwenye simu ilikuwa inasema iko wazi mpaka saa kumi na moja. Sikupiga simu. Mapango nilipiga, Tongoni nilipiga, hapa nikaamini simu kwa sababu niliona neno WAZI kwa kijani. Tukakuta kufuli, hakuna karatasi mlangoni wala mtu. Shemeji akagonga, akazunguka nyuma, tukangoja, dakika arobaini zikaenda. Zile dakika arobaini zilitosha kabisa kutembea taratibu mjini, tukaishia kupita na gari tu, hii stesheni ya reli ya Tanga ambayo ilianza kujengwa 1893 na ikafika Moshi 1911, ule mnara wa saa, lile boma, watoto wanachungulia dirishani na binti anasema simama, hatusimami. Hilo bado linanisumbua. Ramani ya simu haijui Idi. Inajua ni Jumatano.

Bembea mdogo aliipata, tulisimama viwanja vya Tangamano dakika kumi na tano, kelele, vumbi, mapulizo, miwani ya plastiki, sharubati za rangi zote, akapanda mara tatu kwa hela ya bibi yake.

Saa kumi na dakika kumi tuko Raskazone. Njia nzima imejaa bajaji na bodaboda na watu kwa miguu, mabinti na madera mapya, wavulana na kanzu zimekunjwa mpaka kiunoni wanaingia nazo majini. Ukitaka ukimya siku ya Idi usije huku, ila kama mgeni wako anataka kujua watu wa Tanga wanaipenda vipi bahari yao, hakuna siku nyingine. Na maji yalikuwa yanaingia. Bado kama shibiri mbili kufika ukingoni, unaona kila wimbi linakula kipande.

Tukamtafutia mama kiti cha plastiki tukakiweka mchangani, dada akamvua viatu. Sisi tukajifanya tunaangalia mengine. Nikawachukua watoto nikawaonyesha kisiwa cha Toten kule, halafu nikawaeleza kwamba hapa tuliposimama, mwezi wa kumi na moja mwaka 1914, Waingereza walishusha jeshi kubwa, kama watu 8,000 wengi wao kutoka Uhindi, Mjerumani hana zaidi ya elfu moja na kidogo, wengi wao askari Waafrika, na bado Mwingereza akashindwa akarudi melini, na katikati ya vita nyuki wakatoka mizingani wakawashambulia wote bila kuchagua. Mdogo akauliza nyuki walikuwa wa nani? Nikamwambia wa Tanga. Wakaanza kukimbizana na mlio wa nyuki mpaka majini.

Nilipogeuka maji yalikuwa yameshapita kiti. Mama miguu iko ndani mpaka juu ya vifundo, khanga ameishika kwa mkono mmoja, na hakuna anayemwambia asogee. Kila wimbi likirudi mchanga unatoka chini ya miguu yake na anaikaza. Akaniita. Akaniuliza, "Mwanangu, haya maji asubuhi yalikuwa wapi?" Akasema Ziwa Rukwa analifahamu, amelifika akiwa msichana, lakini Rukwa maji hayaondoki asubuhi yakarudi jioni yenyewe. Nikamwambia habari ya mwezi, kwamba ule mwezi uliotufanya tule Idi leo ndio ulioyaita haya maji. Akafikiri. Akasema basi huo mwezi una kazi nyingi.

Tulikaa mpaka jua linazama, saa kumi na mbili na nusu, maji yameanza kushuka. Akaomba chupa tupu. Shemeji akamwambia mama, maji ya chumvi utayafanyia nini Mbozi, akamjibu nitawaonjesha wasioamini. Dada akaiosha ile chupa, yeye mwenyewe akainama na goti lake akaijaza, akaifunga kwa nguvu, akaiviringisha kwenye leso. Alhamisi alfajiri stendi ya Kange mizigo yote ilienda chini ya basi, ile chupa akapanda nayo mkononi.

Shemeji ameshaniandikia kwamba wakijaliwa mara nyingine wanataka waje Idi ya kuchinja, na ameiweka ratiba ileile kwenye simu yake. Nimemwambia afute saa zote. Idi ya kuchinja ni siku ya kumi ya mwezi, hapo maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, ndiyo kwanza yanaisha, yanajaa mchana kwenye saa sita hivi wala hayapandi sana, na saa kumi jioni atamkuta mama na tope. Safari hiyo pwani tunakwenda kabla ya chakula, magofu baadaye, na ile safari ya kutembea mjini kwa miguu namdai binti.